Vinyago vya Mwenge si "vya mababu" kama tunavyouziwa: ni sanaa ya watu waliomkimbia Mreno

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera kila nikipita Mwenge Vinyago, soko la vinyago hapa Dar. Mgeni anasimama mbele ya nguzo ya ujamaa, ile yenye watu waliopandana na kukumbatiana kutoka chini hadi juu, na muuzaji anamwambia hii ni sanaa ya mababu, ya karne na karne. Mgeni anafurahi, analipa, anaondoka. Sisi wenyewe tumeshaimeza habari hiyo nzimanzima, na ndiyo maana kila mwaka utasikia mtu redioni akilia kwamba "sanaa yetu ya asili inakufa".

Ile nguzo ina umri wa mzee aliyestaafu. Mtindo wake ulipata sura miaka ya 1950 na 1960, hapahapa Dar es Salaam, mikononi mwa Wamakonde waliotoka Msumbiji. Mtindo wa shetani, ule wa majini na mizimu, ni hivyohivyo. Mawingu, ule wa maumbo yaliyopindapinda, ni hivyohivyo. Kabla Mwenge haijawa Mwenge, wachongaji hao walikuwa wakikaa chini ya miti kando ya Barabara ya Pugu, hii tunayoiita leo Barabara ya Nyerere, na gogo limebanwa kati ya miguu.

Kwa nini walikuwa huku? Hapo ndipo uzi wangu ulipo.

Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma. Huku kwetu ni Newala, Tandahimba na Mtwara kwa ujumla. Ng'ambo ni Mueda, jimbo la Cabo Delgado. Waliokuwa ng'ambo waliangukia kwa Mreno, na Mreno hakuwa na masihara: kodi, kulimishwa pamba kwa lazima, na kazi za shuruti walizoziita chibalo. Kwa hiyo watu wakawa wanavuka mto. Wengi waliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga. Walipofika hawakupokewa kwa vigelegele. Wakaitwa Wamawia, jina ambalo wengi wao hawakulipenda, wakachekwa kwa chale zao za usoni na meno yao yaliyochongwa. Wengine wakasogea hadi Dar, na kwa kuwa walikuwa na tezo na patasi, wakachonga.

Halafu mambo yakachafuka kabisa. Tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, watu walikusanyika kwa wakuu wa Kireno kudai mambo yao, wakapigwa risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini kwamba damu ilimwagika hakuna anayebisha. MANU, moja ya vyama vitatu vilivyoungana kuwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, hapa Dar tarehe 25 Juni 1962, kilitokana kwa kiasi kikubwa na Wamakonde hao hao waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika. Vita vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi wakamiminika kusini, na makazi kama Rutamba kule Lindi yakafunguliwa kwa ajili yao. Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa, Oysterbay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Sasa jiulize hao wachongaji wa Barabara ya Pugu walikuwa wakisikiliza redio gani na kuzungumza nini huku wakichonga.

Watu wengi wakisikia "sanaa ya vita" wanategemea kuona bunduki. Wanatafuta bunduki kwenye vinyago, hawaioni, wanahitimisha kwamba hawa jamaa walikuwa wanachonga mapambo tu.

Mimi naona kinyume. Kule nyumbani, kazi nzito ya mchongaji wa Kimakonde ilikuwa mapiko, yaani vinyago vya kuvaa kichwani katika jando. Vile vinachongwa kwa mti mwepesi, maana mtu atacheza navyo, vinabandikwa nywele halisi za binadamu, na chale zinatengenezwa kwa nta. Vinachongwa mafichoni. Mwanamke na mtoto hawatakiwi kujua nani yumo ndani. Sasa mtu huyo mpeleke Dar, mjini, hana kambi ya jando, hana wazee wa kumpa amri, na mnunuzi anataka kitu cha kuweka mezani. Lipiko haliuziki, na kuliuza ni kuvunja mwiko. Inabidi abuni.

Akachukua mpingo, mti mgumu unaotia ganzi mkono. Na akachonga nini? Akachonga mambo mawili hasa. La kwanza, majini na mizimu ya porini, yenye jicho moja, tumbo lililotobolewa, mguu unaoota mahali pa mkono. Anayetajwa sana kwa kuanzisha mtindo huo ni Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyenunua na kuhimiza. La pili, ukoo. Watu wa rika zote wameshikana, hakuna hata mmoja anayesimama peke yake, ukimtoa wa chini wote wanaanguka. Hapo anatajwa Roberto Yakobo. Mwanzoni nguzo hiyo iliitwa dimoongo, na jina la ujamaa limekuja kushika baada ya Azimio la Arusha, 1967, siasa ilipoona kitu kinachoifaa.

Mtu aliyeachana na ukoo wake ng'ambo ya mto anachonga ukoo usioachana. Mtu aliyeona mwili wa binadamu ukitendwa vibaya anachonga miili iliyovurugika viungo. Huo ni usomaji wangu, si wa mzee yeyote aliyenikalisha chini, na anayetaka kuupinga aupinge. Lakini msiniambie hakuna vita mle.

Na angalieni sura za vile vinyago vya bibi vizee: ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, chale zimejaa mashavuni. Leo uende Newala ukamtafute mama mwenye ndonya! Baada ya uhuru serikali za pande zote mbili hazikupenda mambo hayo, dini hazikupenda, na vijana wenyewe hawakutaka kuchekwa mjini. Chale zimetoka usoni zimehamia kwenye mpingo. Mtu anaweza kusema mila imekufa, mwingine akasema imehama. Mimi nasema inategemea umemuuliza nani: yule bibi au mwenye duka.

Jambo hilohilo lilitokea kwenye ngoma. Sindimba ilitoka kwa Wamakonde, ikabebwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikapandishwa jukwaani, ikachezwa mbele ya marais. Mambo yake ya unyago yakabaki nyuma ya pazia, watu wakabaki na kiuno. Siwalaumu wachezaji. Nasema tu tumezoea kuchukua kwa Wamakonde bila kuuliza.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Tangu Oktoba 2017, Cabo Delgado iko vitani tena. Mocímboa da Praia, Palma, Macomia, haya ni majina tuliyoyasikia. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kilele chake watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka hadi Kitaya, Mtwara, wakaua watu wetu. Wanajeshi wetu walikwenda kule pamoja na wa nchi nyingine za SADC. Ni vita vya jirani kabisa, tena kwa watu wale wale waliotuletea vinyago ambavyo nchi nzima inajivunia. Nenda Mwenge, zunguka mabanda yote. Utaona simba, twiga, Mmasai na mkuki wake, na bakuli la saladi. Cabo Delgado hutaiona.

Miaka ya 1950 na 1960 mkimbizi alipofika Dar akabuni mtindo mpya ambao dunia haikuwahi kuuona. Leo tumebaki kuiga waliobuni. Nataka tujadili imekuwaje.

Nawasilisha.

---

mbishi_wa_Tandika

Mkuu umeandika vizuri ila umepamba. Wewe mwenyewe umemtaja Peera. Mhindi alikuwa na duka, akaona shetani anauzika kwa Wazungu, akasema leteni wengine. Hapo hakuna majonzi ya ukimbizi, hapo kuna hela. Likankoa angeambiwa bata wanauzika angechonga bata.

---

Mleta mada

mbishi_wa_Tandika, hela ilikuwepo, sijaificha. Lakini mnunuzi anaweza kusema "niletee cha ajabu", hawezi kukuambia hicho cha ajabu kiwe na sura gani. Kilichomo kichwani mwa mchongaji ndicho kilichotoka. Pia kumbuka wakati wa vita FRELIMO yenyewe iliwapanga wachongaji wa maeneo yaliyokombolewa kwenye ushirika, kazi zikauzwa nje kusaidia mapambano. Kwa hiyo biashara na vita vilikaa chumba kimoja.

Na mtu aliyekimbia njaa na Mreno unataka achonge bure?

---

mwana_wa_Kisarawe

Naona mnawahurumia waliohamia. Sisi Wazaramo tuliohamiwa je?

Tulikuwa na mwana hiti. Vijana wa leo hawamjui, nitaeleza kwa kifupi: ni kijisanamu cha mti, kiwiliwili bila mikono, kichwa chenye vishungi, mwali alipokuwa ndani alikabidhiwa, akakitunza, akakipaka mafuta, akakisuka kama mtoto wake. Ukienda kwenye makumbusho ya Ulaya utawakuta wamepangwa kwenye kioo. Ukija Buza, Kigogo, Magomeni, humpati. Hakuna vita vilivyotupiga. Mji umekuja tu, kiwanja kwa kiwanja, shamba la minazi likawa mtaa, mtaa ukawa ghorofa, na mwali wa siku hizi anawekwa ndani wiki moja kwa sababu anarudi shule Jumatatu. Kuhamishwa si lazima ubebe mzigo kichwani. Unaweza kuhamishwa ukiwa umekaa hapohapo.

Na sisi hatukubuni mtindo mpya. Tuliuza viwanja.

---

Mleta mada

Mkuu wa Kisarawe, hilo sikuligusa na ni zito kuliko nilivyoandika mimi. Naongeza swali tu: kwa nini Mmakonde aliyepoteza kambi ya jando alibuni, na Mzaramo aliyepoteza kambi akiwa kwake akaacha? Nahisi ni kwa sababu mwana hiti alikuwa wa ndani ya nyumba, wa wanawake, hakuwahi kuwa wa kuonyeshwa. Mchongaji alichonga, lakini mwenye mali alikuwa kungwi. Kungwi alipokosa kazi, mchongaji hakuwa na wa kumwambia achonge nini.

---

gitaa_la_solo

Uzi mtamu. Mmewasahau wanamuziki. Orchestra Maquis waliingia Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakitokea Zaire, wakapiga hadi ukumbi wa White House wa Ubungo ukawa mahali pa kwenda. Remmy Ongala alizaliwa Kindu 1947, akaja 1978, akaitwa na mjomba wake Mzee Makassy. Wakongo wengi walikuja kutafuta maisha, lakini nchi yao ilikuwa imeshapitia kujitenga kwa Katanga, uasi wa Simba na utawala wa Mobutu, msiseme walikuja kutalii.

Kilichonivutia kwa Remmy ni kwamba hakuimba kwao. Aliimba kuhusu mnyonge wa hapa, mauti, ubaguzi, UKIMWI wakati watu wanaona aibu kuutaja. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi hadi mwisho na hakuna aliyejali. Mji ukampa kituo cha daladala: Sinza kwa Remmy. Amefariki Desemba 2010, kondakta bado anamtaja. Mchongaji gani wa Kimakonde ana kituo cha daladala?

---

mbishi_wa_Tandika

Gitaa la solo hapo umenikamata. Lilanga hana?

---

gitaa_la_solo

George Lilanga alistahili. Alianza pale Nyumba ya Sanaa kama mlinzi, miaka ya 1970, akaishia kazi zake zinaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Yale mashetani yake ya rangi yenye masikio makubwa, yanacheka, yanacheza, yanapanda baiskeli, ni mashetani ya Barabara ya Pugu yaliyopata ajira mjini. Amefariki 2005. Na jengo lenyewe la Nyumba ya Sanaa, pale karibu na hoteli kubwa za Upanga, mnajua liko wapi? Limevunjwa.

---

tezo_na_patasi

Nimesoma wote kimya, sasa niseme. Mimi niko Mwenge, nimezaliwa kwenye vumbi la mpingo. Baba alitoka ng'ambo.

Mleta mada anauliza kwa nini hatuchongi Cabo Delgado. Nakujibu kwa gogo. Mpingo unachukua miaka sabini, themanini, mia, hadi ukomae wa kuvunwa. Ule mnene wa kutoa nguzo ya kimo cha mtu siku hizi kuupata ni bahati, na ukiupata una bei ambayo huwezi kuifanyia majaribio. Kumbukeni mpingo huohuo unatakiwa na wenye viwanda vya klarineti na oboe huko nje, na wao hawabembelezi bei. Sasa mimi nina gogo moja. Mteja anayeingia dukani anataka Mmasai. Nikichonga kijiji kinachoungua nani atakinunua akaweke sebuleni kwake? Gogo likikaa mwaka bila kuuzwa, watoto wanakula nini? Zamani mzee alikuwa na magogo ya kuchezea, akiharibu moja anachukua jingine. Mtindo mpya unataka magogo ya kuharibu.

Jingine. Anayechonga na anayeuza si mtu mmoja. Wengi wetu tuko nyuma, mwenye duka yuko mbele. Yeye ndiye anayejua mteja kasema nini. Mimi naambiwa tu "twiga kumi, futi mbili".

Na hao wanaopaka mti mweupe kiwi wakasema mpingo, wametuua sisi kwanza kabla ya kumuumiza mteja. Ukitaka kujua, kwangua chini na kucha, unuse, na unyanyue. Mpingo mzito, ukiuweka majini unazama.

Kuhusu ng'ambo. Tuna ndugu Mueda. Simu zinapigwa. Siku zile Palma iliposhambuliwa, Machi 2021, hapa nyuma hakuna aliyechonga, kila mtu alikuwa anatafuta salio. Kuna mwenzangu alichonga kitu baada ya hapo. Hakukiweka dukani. Siwezi kukieleza hapa kwa sababu si changu.

---

Mleta mada

tezo_na_patasi, shukrani sana kaka. Basi kumbe kitu kimechongwa, ila hakiko sokoni. Hilo linabadilisha swali langu lote. Niliuliza kwa nini hawachongi, kumbe nilitakiwa kuuliza kwa nini hatuna mahali pa kukionyesha pasipo na bei chini yake. Makumbusho ya Taifa ipo. Kijiji cha Makumbusho kiko jirani kabisa na Mwenge. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kule Mikocheni, ipo tangu 2008 na wasanii wa kisasa wanaitumia. Kwa nini mchongaji wa Mwenge anaonekana ni fundi na mchoraji wa Mikocheni anaonekana ni msanii?

---

binti_wa_Masasi

Kwa sababu mmoja anaandika jina lake na mwingine haandiki. Rahisi.

Halafu mnaongea kama vile mapiko yamekwisha. Hayajakwisha. Kusini bado yanatoka, na kuna tamasha la MaKuYa pale Mtwara, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, linakusanya vikundi vya vijijini. Na wacheza mapiko wenyewe huwa wanabuni. Wakati wa vita vya Mreno walitoa sura za wanajeshi na za wakoloni wenyewe, watu wakacheka. Hii dhana kwamba mila ni kitu kilichoganda ni yenu watu wa mjini. Mtu wa kijijini lipiko la mwaka jana anaweza kuliona la zamani.

---

mbishi_wa_Tandika

Kwa hiyo mapendekezo ni nini? Kila uzi humu unaishia "serikali iangalie".

---

Mleta mada

Sitaki serikali iangalie chochote. Nina moja dogo: ukinunua kinyago, uliza kimechongwa na nani, na udai jina lichongwe chini yake. Mchoraji Tingatinga alisaini ubao wake, leo tunamjua, na wanaomfuata wanasaini wa kwao. Likankoa tunamjua kwa sababu kuna waliouliza. Wenzake wengi wa Barabara ya Pugu wamekwenda bila jina, kazi zao ziko kwenye makabati ya watu Ujerumani zikiwa na kibandiko "Makonde, Tanzania", na hata Tanzania yenyewe wengine hawakuzaliwa.

---

tezo_na_patasi

Mleta mada, jina kulichonga ni dakika mbili. Shida iko kwa mwenye duka. Akiweka jina langu, kesho mteja ananitafuta mwenyewe, ananiona kwenye simu, ananiagiza moja kwa moja. Duka anakodi, kodi hailipwi na heshima. Mwaka fulani kijana mmoja hapa alichonga jina lake chini ya kila kazi, kidogo tu, pembeni. Aliambiwa apige msasa.

---

mwana_wa_Kisarawe

Akapiga?

---

tezo_na_patasi

Alipiga kwenye zile za duka. Za kwake anauza kwa simu sasa, na zina jina. Anayetaka namba aje inbox, ila aje na bei ya mpingo, si ya kiwi.